Nani Ataliruzuku Darasa la Kiswahili? Maoni kutoka Kware

Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, liwe toleo la kwanza la 1981 au lile la pili la 2004, utamkuta kware akiwa ndege wa porini anayeshabihi kuku. Ameingizwa katika ngeli ya a-wa na shughuli yake imekwisha. Mwanafunzi aliyelelewa Kitengela hamjui kware huyo. Kware anayoijua yeye ni shimo, yaani mahali ambapo mawe ya kujengea huchimbwa na kuchongwa, na kwa muda mrefu sasa ni jina la mtaa. Neno limetoka katika Kiingereza, likapita vinywani mwa wachonga mawe, likapata irabu ya kuishia, likajipatia upatanisho wa i-zi, kisha likazaa majina ya mahali. Ipo Kware ya huku kwetu Kitengela, ipo Kware ya Ongata Rongai, na ipo Kware ya Mukuru kule Nairobi. Kiswahili sanifu kina neno lake kwa shimo hilo, nalo ni timbo, au machimbo kwa wale wanaopenda neno la wazi zaidi. Sijamsikia mchonga mawe hata mmoja wa Kajiado akisema timbo.

Neno hili moja lingetosha kuwa somo zima la saa mbili. Mna ndani yake utohozi, homonimia, mgongano wa ngeli, taaluma ya majina ya mahali na hata historia ya ujenzi wa miji. Hata hivyo, katika miaka yote minne ya shahada ya kwanza, wengi wetu tulifundishwa isimu-jamii kwa mifano ya Lamu, Mombasa na Unguja, na mara mojamoja tukaonjeshwa Sheng ya mitaa ya mashariki ya Nairobi. Mifano hiyo ni mizuri na sitaki ifutwe. Ila mwanafunzi wa Kajiado alihitimu akiamini kwamba lugha inayofaa kuchunguzwa ipo mbali na kwao, pengine safari ya usiku kucha kwa basi.

Simlaumu mhadhiri. Mtu anayehutubia darasa la mamia, ambaye mwisho wa muhula anasubiriwa na lundo la karatasi za mtihani, atapata wapi wasaa wa kuibomoa kozi na kuijenga upya? Akiupata wasaa, nauli ya kwenda Kware ataitoa mfuko upi? Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Vyuo vyetu vina njia ya kumpa mhadhiri fedha za kufanya utafiti, na vina njia, japo nyembamba, ya kumlipia ahudhurie kongamano. Fedha za kumwezesha afundishe vizuri zaidi ni nadra mno, na zinapopatikana huwa zimetoka ng'ambo, zina lugha yake, na aghalabu huipita Idara ya Kiswahili bila hata kubisha hodi.

Niseme kwanza ninakusudia nini kwa ruzuku ya ufundishaji. Ni fedha, ziwe chache au nyingi, anazopewa mhadhiri au idara ili kuunda upya kozi, kuandaa zana za kufundishia, kujaribu mbinu mpya ya kutahini, kisha kutoa taarifa ya yaliyofaa na yasiyofaa ili wengine wajifunze. Kiswahili kimetupa neno la heshima kwa jambo hili. Ruzuku na riziki ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Anayeruzukiwa amepewa cha kumwezesha kuishi na kufanya kazi, wala hakuombaomba. Nimeona katika nyaraka za vyuo neno "msaada" likitumiwa mahali pa ruzuku, na nadhani tofauti hiyo si ya msamiati tu. Ufundishaji ndiyo kazi ya kwanza ya chuo. Fedha za kuuendeleza haziwezi kuwa sadaka.

Wenzetu wa mbali wameshalijaribu jambo hili kwa mapana. Uingereza iliunda mfuko wa taifa wa kuendeleza ufundishaji na ujifunzaji vyuoni mwaka 1995, na baadaye, kati ya 2005 na 2010, ikatumia pauni milioni 315 kuanzisha vituo 74 vya umahiri wa kufundisha. Fedha zilipokoma, vingi miongoni mwa vituo hivyo vilififia au vikamezwa na ofisi nyingine. Australia nayo iliunda taasisi ya taifa ya aina hiyo mwaka 2004, ikaibadilisha jina mwaka 2008 na kuifunga mwaka 2011. Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa ninaleta habari ya Ulaya kama mtu anayeleta nuru gizani. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Afrika Kusini. Huko serikali yenyewe ilianza kutenga ruzuku ya kuendeleza ufundishaji ndani ya bajeti ya vyuo vikuu mwaka 2004, na mwaka 2018 ikaiunganisha na ile ya kuendeleza utafiti, zikawa ruzuku moja ya kuvijengea vyuo uwezo. Mtu anaweza kuhoji jinsi ilivyotumiwa katika chuo hiki au kile. Hawezi kuhoji kwamba dola iliyatambua mafundisho kuwa kazi inayogharimu fedha.

Kwetu Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja kwamba utapewa asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Msomaji anayefuatilia bajeti anajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na kinachotolewa. Lakini hata kama fedha zote zingetolewa hadi senti ya mwisho, mfuko huo ni wa utafiti. Kule Uganda, serikali ilianza mwaka 2019 kukitengea Chuo Kikuu cha Makerere shilingi bilioni 30 za nchi hiyo kwa ajili ya utafiti na ubunifu. Jambo jema sana, nalo pia ni la utafiti. Mgala muuwe na haki yake umpe: utafiti unastahili kila shilingi. Swali langu ni nani anayefikiria kile kinachotokea saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, mhadhiri anapoingia darasani na vitini vya miaka kumi na miwili iliyopita.

Wafadhili kutoka nje wamefikiria, tena zaidi yetu. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, wakfu kadhaa za Marekani, zikiwemo za Carnegie, Ford, MacArthur na Rockefeller, ziliungana kuvisaidia vyuo vikuu vya nchi tisa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Mojawapo ya matunda ya ushirikiano huo ulikuwa mradi wa teknolojia ya kufundishia uliovigusa vyuo saba, na kati ya hivyo vitatu ni vya kwetu: Kenyatta, Makerere na Dar es Salaam. Wahadhiri walipewa nafasi ya kuzigeuza kozi zao ziweze kufundishwa kwa msaada wa kompyuta. Baadaye serikali ya Uingereza ilifadhili mradi wa kozi za pamoja ambapo chuo kimoja huandaa kozi na vingine huitumia. Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, imekuwa ikipitia upya mitaala ya vyuo vyake vya umma kwa kutanguliza fani zinazoaminika kuusukuma uchumi.

Na fani hizo ndizo zinazonitia wasiwasi. Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilizindua vituo 24 vya umahiri katika nchi nane za mashariki na kusini mwa Afrika. Kenya ilipata vitatu. Cha Chuo Kikuu cha Moi kinashughulikia kemikali za mimea, nguo na nishati jadidifu. Cha Egerton kinashughulikia kilimo endelevu. Na kile cha Jaramogi Oginga Odinga kinashughulikia wadudu wanaofaa kuwa chakula cha watu na mifugo. Sina ugomvi na wadudu. Pengine siku moja watanilisha. Ila ninaona si dhambi kutaja kwamba panzi amepata kituo cha umahiri kabla ya lugha iliyotangazwa na Katiba ya 2010, katika ibara ya saba, kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Atatokea wa kusema kwamba Kiswahili hakihitaji maabara, hivyo hakihitaji fedha. Hoja hii nimeisikia hata ndani ya idara zetu wenyewe, tena ikisemwa kwa fahari, kana kwamba ufukara ni sehemu ya taaluma. Jibu ninalo, nalo ni mradi wa TESSA. Mradi huo wa elimu ya walimu wa Afrika Kusini mwa Sahara ulianza mwaka 2005 ukiratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Kenya iliwakilishwa na Egerton, na Tanzania na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Uliandaa zana za kumfundishia mwalimu wa shule ya msingi, zana ambazo yeyote anaweza kuzichukua bila malipo, na ukaziandaa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Toleo la Kiswahili liliandaliwa Tanzania. Hakuna aliyehitaji maabara. Kilichohitajika kilikuwa watu kukaa pamoja, kuandika, kujaribu darasani, kurekebisha, na kulipwa kwa muda wao. Kazi ya namna hiyo ina gharama, na mtu alipoigharimia, Kiswahili kilipata zana ambazo bado zinasomeka.

Kuna mradi mwingine unaostahili kuangaliwa kwa makini na watu wa idara zetu, kwa sababu ulikaribia kabisa kile ninachokipigania. Kati ya 2018 na 2021 mradi uitwao TESCEA ulifanya kazi na vyuo vikuu vinne, Mzumbe na Dodoma vya Tanzania pamoja na Gulu na Uganda Martyrs vya Uganda, ukishirikiana na chama cha Kenya cha kuwaendeleza wahadhiri katika kufundisha, AFELT. Shabaha yake ilikuwa kuziunda upya kozi ili mhitimu aweze kufikiri kwa uhakiki na kutatua matatizo ya jamii yake. Lililonivutia ni kwamba kila chuo kiliunda kamati ya ushauri iliyowaleta watu wa nje: waajiri, wahitimu wa zamani, watu wa jamii inayokizunguka chuo. Yaani kabla ya kuandika malengo ya kozi, waliulizwa wale ambao mhitimu atakwenda kuishi nao. Sasa jiulize, msomaji mpendwa, kamati ya namna hiyo ya kozi ya Kiswahili ikiundwa hapa Kajiado, nani atakaa mezani? Mwalimu wa sekondari ya Isinya, bila shaka. Mtangazaji wa redio. Karani wa mahakama. Mimi ningemwongeza mchonga mawe wa Kware, kwa kuwa yeye ndiye aliyelitia neno letu katika ngeli mpya bila kumwomba ruhusa mtu yeyote wa chuo.

Kajiado ni mahali pagumu pa kufundishia Kiswahili, na ugumu huo haumo katika silabasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika eneo lililokuja kuwa kaunti hii. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Ongezeko hilo halikuenea sawasawa. Limejazana Kitengela, Ongata Rongai na Ngong, miji ambayo imefurika watu waliohamia kutoka Nairobi na kwingineko, na ambayo watoto wake huzungumza Sheng na Kiswahili cha mtaani kabla ya lugha za mababu zao, ikiwa watazizungumza kabisa. Ukielekea kusini, ukapita mji wa Kajiado wenyewe, ambao jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai ya mto mrefu, unaingia katika shule ambazo mtoto anafika darasani akiwa na Kimaasai pekee. Kiswahili kwake ni lugha ya pili kweli kweli, lugha ya dukani na ya mwalimu.

Mwanachuo anayesomea ualimu anaweza kutumwa katika shule yoyote kati ya hizo mbili. Kozi yake ya mbinu za kufundisha Kiswahili imemwandaa kwa ipi? Kwa ninavyoona, imemwandaa kwa shule ya tatu ambayo haipo. Inamchukulia mwanafunzi kuwa tayari anakijua Kiswahili na sasa anahitaji kusafishwa tu: aondolewe makosa ya ngeli, apewe methali kadhaa, afundishwe insha. Mtoto wa Kitengela hahitaji kusafishwa. Anahitaji kuonyeshwa kwamba ana lahaja-jamii mbili au tatu na kwamba kila moja ina mahali pake. Mtoto wa Mashuru au wa Loitokitok anahitaji mwalimu anayejua hatua za kumfundisha mtu lugha ya pili, na anayejua angalau kwamba Kimaasai kina jinsia ya kisarufi ambapo Kiswahili kina ngeli, ili aelewe makosa yanakotoka. Kozi moja yenye vitini vilevile haiwezi kuzaa walimu hao wawili. Lazima iundwe upya, na kuiunda upya ni kazi ya mwaka mzima wala si ya alasiri moja ya kikao cha idara.

Tena muda unakimbia. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika shule zetu mwaka 2019 ulipangiwa kufika Gredi ya 10 Januari 2026, na kundi hilo la kwanza kubisha hodi vyuoni mwaka 2029. Wanafunzi hao watakuwa wamezoea, angalau kwa nadharia, kutathminiwa kwa kazi wanazofanya. Watatukuta sisi tukiwa na mtihani wa saa mbili wenye maswali matano, jibu matatu, swali la kwanza ni la lazima.

Basi niweke pendekezo langu mezani, na nitalitaja kwa shilingi, maana mapendekezo yasiyo na hesabu ni rahisi kuyapigia makofi. Chuo kitenge fungu dogo la ruzuku za ufundishaji kutoka katika bajeti yake yenyewe, kila ruzuku isizidi shilingi 150,000. Tuchukue kozi ya isimu-jamii na tuipeleke Kware. Kukodi matatu ya kuwabeba wanafunzi thelathini kwa safari mbili ni kama shilingi 24,000. Vinasa sauti viwili vya kawaida ni 18,000, na anayesema simu zinatosha hajajaribu kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa kwa simu kando ya watu wanaogonga mawe. Wachonga mawe ishirini walipwe shilingi elfu moja kila mmoja, kwa kuwa saa wanayotupa ni saa ya kazi: 20,000. Wanafunzi sita watakaonukuu mazungumzo hayo kwa maandishi walipwe 36,000. Kuchapisha nakala 200 za kijitabu cha matini na mazoezi ni 30,000. Zinabaki 22,000 za kumwita mhadhiri wa chuo kingine aje aone darasa likifundishwa na aandike anachokiona. Fungu la milioni nne na nusu lingegharimia ruzuku thelathini za namna hiyo katika idara zote za chuo.

Kijitabu hicho kingekuwa na nini? Kingekuwa na majina ya zana: nyundo, mtaimbo, tindo. Kingeonyesha ni lini mtu mmoja anasema kokoto na ni lini anasema balasti, na anabadilisha mbele ya nani. Kingekuwa na mazungumzo ya kupatana bei, ambamo Kikamba, Kikuyu, Kimaasai na Kiswahili hupishana kama madereva wa lori katika njia nyembamba. Kingekuwa na kware ya i-zi, na mwanafunzi angeulizwa athibitishe kwa sentensi halisi alizozirekodi kwamba neno hilo kweli limetulia katika ngeli hiyo. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu akiyafanya kwa mkono wake hayasahau.

Kuna pingamizi tatu ambazo ni za haki kujibiwa.

Ya kwanza ndiyo nzito. Kati ya Septemba na Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 zilizotokana na mkataba wa 2017 hadi 2021. Mtu anayedai mshahara wa miaka minane iliyopita ataambiwaje habari za ruzuku ya kwenda machimboni? Ninakubali kwamba deni hulipwa kwanza. Ruzuku ikitumiwa kuziba pengo la mshahara itakuwa dhuluma juu ya dhuluma. Hata hivyo, ninaamini kwamba mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Chuo kinachomwona mhadhiri kama gharama kitachelewesha mshahara wake na hakitawaza zana zake. Mapatano ya kurudi kazini yanapoandikwa, huzungumzia fedha za mfukoni pekee. Sioni sababu ya mazingira ya kufundishia kutoingizwa humo pia, pamoja na suala la kupandishwa cheo. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 viliyapa machapisho uzito mkubwa katika kumpandisha mhadhiri. Aliyeandika makala katika jarida anajua atahesabiwa nini. Aliyeunda kozi bora hajui.

Ya pili hutoka kwa walinzi wa usanifu. Wanasema Kiswahili cha Kware kimeharibika, na kukiingiza chuoni ni kukibariki. Ndugu hawa ninawaheshimu, lakini wakumbuke usanifu wenyewe ulivyozaliwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikiteua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wenye Kimvita walikuwa na malalamiko yao, nayo hayakuwa madogo. Usanifu ni uamuzi uliofanywa na watu kwa sababu za wakati wao. Una manufaa makubwa, na mimi ninauandika hapa kwa hiari yangu. Haumzuii mwanaisimu kuchunguza kinachosemwa, kama daktari asivyozuiwa kuchunguza damu kwa kuwa haipendezi machoni.

Ya tatu ni kwamba fedha zitaliwa. Huenda. Ndiyo maana ninapendelea ruzuku ndogo nyingi kuliko kubwa moja. Shilingi 150,000 zilizoandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara, pamoja na jina la kozi na tarehe ya kukamilisha, zina macho mengi juu yake. Wanafunzi waliopanda matatu hiyo wanajua kama walipanda au hawakupanda.

Ninakuja sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili. Katika chuo ninachokifahamu, ambacho sitakitaja, mhadhiri mmoja aliandika maombi ya fedha za kuboresha kozi ya fasihi simulizi, akayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa kozi yenyewe ni ya Kiswahili. Yalirudishwa kabla ya kusomwa. Aliambiwa ayaleta tena kwa Kiingereza, na alipoyatafsiri tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Hakuna aliyemkataza kuomba. Fomu tu ndiyo iliyokuwa na lugha moja. Vyama vyetu hutumia nguvu nyingi kuandaa makongamano, vikao vya mijadala na sherehe za Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani. Ningependa mwaka mmoja tuitumie siku hiyo kudai jambo dogo na la kuonekana: kwamba maombi ya ruzuku ya kozi ya Kiswahili yakubaliwe kwa Kiswahili, yasomwe na watu wanaokijua, na kwamba mwanafunzi mmoja aliyekwisha kuisoma kozi hiyo akae katika kamati ya kuyapima.

Mwanafunzi huyo hahitaji kuwa bingwa wa nadharia za mitaala. Anajua ni wiki ipi darasa lilianza kupungua watu, ni kitini kipi kilinakiliwa hadi herufi zikafutika, na ni swali lipi la mtihani ambalo kila mtu alilikariri kwa sababu hutokea kila mwaka. Taarifa hizo hazipatikani katika fomu za tathmini ambazo hujazwa kwa haraka siku ya mwisho, mlangoni.

Yakipatikana haya, kazi ya kwanza ninayoipendekeza ni ile kozi ya mbinu za kufundisha, kwa sababu ya 2029. Ipewe ruzuku mbili kwa pamoja: moja ya kuandaa sehemu ya Kiswahili kama lugha ya pili, ikitayarishwa pamoja na walimu wa kusini mwa Kajiado wanaozungumza Kimaasai, na nyingine ya kuandaa sehemu ya shule za mijini, Kitengela na Rongai. Zana zote ziwekwe wazi, kama zilivyowekwa zile za TESSA, ili mhadhiri wa Maseno au wa Dodoma azichukue na kuzibadilisha bila kumwandikia mtu barua. Mtaalamu wa kuzipima atoke chuo kingine, na ripoti yake ichapishwe katika jarida kama hili, pamoja na yale yaliyoshindikana. Idara inayotaka kuanza haina haja ya kusubiri mwito wa mfadhili. Inahitaji kikao kimoja, muhtasari wenye kiasi kilichotajwa kwa tarakimu, na saini ya mwenye kuidhinisha malipo.